Miezi isikutie presha: tazama mtoto anavyojongea

Maswali ya wazazi kuhusu viungo vya mtoto karibu yote huwa ya tarehe. Anakaa mwezi wa ngapi? Mbona wa jirani kashaanza kutambaa na wangu bado? Amefikisha mwaka hajasimama, nianze kuogopa? Tarehe zipo na nitazitaja, lakini zikiachwa peke yake hudanganya pande mbili: humtia hofu mzazi ambaye mtoto wake hana tatizo lolote, na humtuliza yule ambaye wake alitakiwa kuonwa na daktari miezi kadhaa iliyopita. Anayeshughulika na watoto kila siku huangalia zaidi namna. Mtoto anafanyaje hilo analolifanya? Anatumia pande zote mbili za mwili? Mwezi huu anaweza jambo ambalo mwezi uliopita lilimshinda?

Tuanze na tarehe, tumalizane nazo. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto 816 wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Hatua sita ziliangaliwa. Hapa chini namba ya kwanza ni umri ambao asilimia 1 tu ya watoto walikuwa wameweza. Ya pili ni umri ambao asilimia 99 walikuwa wameshaweza.

- Kukaa bila kuegemea: miezi 3.8 hadi 9.2
- Kusimama kwa kushikilia: miezi 4.8 hadi 11.4
- Kutambaa kwa mikono na magoti: miezi 5.2 hadi 13.5
- Kutembea kwa kushikilia: miezi 5.9 hadi 13.7
- Kusimama peke yake: miezi 6.9 hadi 16.9
- Kutembea peke yake: miezi 8.2 hadi 17.6

Soma tena mstari wa mwisho. Kati ya wa kwanza kutembea na wa mwisho kuna zaidi ya miezi tisa, na wote ni watoto wazima. Zaidi ya hapo, asilimia 4.3 ya watoto hao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walisota au walijiburura, wakasimama, wakaondoka.

Mwaka 2022 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, nacho kilipitia upya orodha yake. Kila jambo sasa limewekwa kwenye umri ambao angalau asilimia 75 ya watoto wanatarajiwa kuliweza, na kutambaa kumeondolewa kwenye orodha. Wapo waliosoma habari hiyo wakadhani kutambaa hakuna faida. Kuondolewa kwenye orodha ya uchunguzi maana yake ni kwamba hakufai kuwa kipimo cha kumtambua mtoto mwenye tatizo, basi. Kwa mabega, viganja na kiuno bado ni zoezi ambalo sioni cha kulinganisha nalo.

Kwa mtoto njiti, hesabu kwanza umri uliosahihishwa. Chukua wiki 40, toa wiki alizozaliwa nazo, kisha punguza tofauti hiyo kwenye umri wake. Aliyezaliwa wiki ya 32 amewahi kwa wiki 8. Akifikisha miezi 6 ya kalenda, mwili wake udai mambo ya miezi 4 hivi. Hesabu hii hutumika mpaka afikishe miaka 2. Kinachosumbua ni kwamba watu huikumbuka miezi mitatu ya kwanza, kisha wakaisahau pale inapohitajika zaidi, kwenye kukaa na kutembea. Chanjo hazimo humo: hizo hufuata tarehe ya kuzaliwa.

Shingo kwanza

Udhibiti wa mwili hushuka kutoka kichwani kwenda miguuni, na hutoka kiwiliwilini kwenda vidoleni. Ndiyo maana mtoto asiyekaza shingo hawezi kukaa, na asiyetulia kiwiliwili hawezi kushika punje kwa vidole viwili hata umfundishe vipi. Ukiona hatua ya juu inasuasua, shuka chini ukaangalie ile iliyotangulia.

Mtoto mchanga hana mwendo wa hiari wa maana. Ana miitikio ya kuzaliwa nayo. Akishtuka hutawanya mikono kisha akaikunja kifuani. Ukimgusa kiganja hufumba ngumi. Akigeuza kichwa upande mmoja, mkono wa upande huo hunyooka na wa pili hukunjika. Miitikio hii inatakiwa ififie. Ule wa kushtuka na ule wa kichwa na mkono huondoka kati ya mwezi wa 4 na wa 6, na ule wa kufumba ngumi huondoka karibu na hapo. Isipoondoka inazuia: mtoto ambaye mkono wake hunyooka kila anapogeuza shingo hawezi kupeleka kitu mdomoni huku akikitazama, wala hawezi kujigeuza vizuri.

Kuna mmoja huwachanganya wengi. Ukimsimamisha mtoto wa wiki moja, nyayo zikagusa chini, huchezesha miguu kama anayetembea. Karibu na mwezi wa 2 jambo hilo hutoweka, na zamani ilisemwa ni ubongo umelifuta. Mwaka 1984 Esther Thelen na wenzake walionyesha jambo tofauti. Waliwashikilia ndani ya maji watoto wa umri huo na miguu ikaanza tena kupiga hatua. Walipowafunga uzito mdogo miguuni watoto ambao bado walikuwa wanapiga, hatua zikapungua. Miguu ilikuwa imenenepa haraka kuliko misuli ilivyopata nguvu. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza mambo mengi ya mbele: mtoto mnene kuchelewa kidogo si lazima iwe habari ya ubongo. Wakati mwingine ni mzigo tu.

Sasa shingo yenyewe. Inakazwa kwa kulalia tumbo akiwa macho. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa vipande vipande, kwa mtoto ambaye bado hajaanza kujongea. Kulala usingizi ni chali, kila usingizi, mpaka afikishe mwaka. Hilo halina mjadala, kwa sababu kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Tumbo ni la akiwa macho na mtu mzima akimwangalia.

Wiki za kwanza, jiegemeze nyuma nusu ulale nusu ukae, mlaze kifuani kwako, tumbo kwa tumbo. Mwinuko huo humpunguzia kichwa uzito. Baadaye mhamishie sakafuni, juu ya mkeka au blanketi lililokunjwa. Godoro laini humzamisha na humnyima pa kusukumia. Kunja taulo liwe duara lenye unene wa sentimita 7 au 8, lipitishe chini ya kifua, kwapa zikae juu yake na mikono itangulie mbele. Hapa ndipo watu hukosea: viwiko vikibaki nyuma ya mabega, mtoto hana cha kujiinulia, anapunga mikono hewani na kulia, kisha mzazi anasema "wangu hapendi kulalia tumbo". Vuta viwiko mpaka viwe chini ya mabega au mbele yake kidogo. Halafu lala chini nawe, uso wako uwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwake, kwa sababu hapo ndipo macho ya mtoto mchanga yanapoona vizuri.

Anza na dakika moja au mbili kila baada ya kubadilisha nepi. Usifanye hivyo mara tu baada ya kunyonya, atacheua. Akilaza paji la uso chini amechoka, mgeuze. Mwezi wa kwanza atainua kichwa kwa nukta chache na kukigeuza; mwezi wa 3 atakaa juu ya viwiko, kifua kikianza kunyanyuka; mwezi wa 4 kichwa kinasimama wima; mwezi wa 6 mikono imenyooka na anatazama huku na huku.

Njia rahisi ya kupima shingo ni hii. Mtoto akiwa chali, shika viganja vyake umvute taratibu kuelekea kukaa. Mchanga kichwa hubaki nyuma chote. Karibu na mwezi wa 4 kinatakiwa kifuatane na mwili, na kufikia wa 6 anakunja kidevu mwenyewe na kukusaidia kuvuta. Aliyemaliza miezi 4 na kichwa bado kinaanguka nyuma kabisa, aonwe.

Angalia pia kama anageuza shingo pande zote mbili sawasawa. Wapo wanaozaliwa na msuli mmoja wa shingo umekaza: kichwa kimeinama upande mmoja, kidevu kinatazama upande wa pili, na fuvu linaanza kubapa upande anaolalia. Ukiligundua ndani ya wiki chache za kwanza, mazoezi ya kunyoosha na kumwita kutokea upande asioupenda huwa yanatosha. Ukilingoja mpaka mwezi wa 8 kazi ni ndefu.

Kujigeuza na kukaa

Kujigeuza huja kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Wengi huanza kutoka tumboni kwenda chali, wengine kinyume chake, na hakuna ubaya. Cha kuangalia ni kiuno. Mtoto anayejigeuza vizuri hutanguliza nyonga au bega, sehemu nyingine ikafuata, mwili ukajisokota katikati. Anayegeuka mzimamzima kama gogo, kichwa kimerudi nyuma na mgongo umejipinda, hasa kabla ya miezi 3, hajakomaa mapema hata kama bibi yake anashangilia. Mara nyingi ni misuli iliyokakamaa ndiyo inayomrusha.

Kuanzia siku anayoonyesha dalili za kujigeuza, kitanda cha watu wazima na meza ya kubadilishia nepi si mahali pa kumwacha hata nusu dakika.

Kukaa huja kwa vipande. Kwanza hukaa akijiegemeza kwa mikono mbele, mgongo umeinama. Hiyo ni karibu na mwezi wa 6. Kisha mkono mmoja unainuka, halafu wa pili, na kufikia mwezi wa 8 wengi wanakaa mikono ikicheza. Kinachomwezesha si mgongo pekee. Ni ile kinga ya kutupa mkono chini anapoyumba. Kinga hiyo ya mbele huja karibu na mwezi wa 6, ya pembeni mwezi wa 7 au 8, na ya nyuma huchelewa mpaka wa 9 au 10. Ndiyo sababu mtoto anayekaa vizuri kabisa bado anaanguka chali na kugonga kisogo. Kwa miezi hiyo weka mto nyuma yake, si pande zote.

Maana kumzungushia mito kila upande ni kosa linalofanywa kwa upendo. Akiegemea mito hahitaji kujishika, hivyo hajifunzi. Mkalishe sakafuni katikati ya miguu yako, mshike mbavu za chini. Akitulia, shusha mikono yako mpaka kiunoni, kisha kwenye nyonga. Kadiri unavyomshika chini ndivyo anavyofanya kazi zaidi. Weka kitu anachokipenda mbele yake kidogo, halafu pembeni kulia, halafu kushoto, mbali kiasi cha kumlazimu ahamishe uzito kwenye tako moja.

Viti vya plastiki vya kumkalisha mtoto wa miezi 3 au 4, bembea na vinginevyo vya kumfungia, vitumike kwa muda mfupi tu. WHO inashauri mtoto asifungwe mahali pamoja, iwe kitini, kwenye kigari au mgongoni, kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Kumkalisha mapema kwa kiti hakuharakishi kukaa.

Kutambaa, kwa namna yoyote ile

Wako wanaojiburura kwa tumbo, wanaotambaa kwa magoti, wanaotembelea mikono na nyayo matako yakiwa juu, na wanaosota. Wanaosota mara nyingi huchelewa kutembea, wengine mpaka miezi 18 au zaidi kidogo, kwa sababu wakiwa wamekaa wameshapata njia ya kufika wanakotaka. Namna haina shida. Shida ni upande. Anayejivuta kwa mkono mmoja huku wa pili umekunjwa ngumi kifuani, au anayeburuta mguu uleule siku zote, hiyo si staili yake.

Kabla hujahangaika, angalia sakafu na nguo. Vigae vinavyoteleza, suruali ndefu inayofunika nyayo, gauni linalokanyagwa na magoti: hivyo vitatu peke yake vinaweza kumchelewesha mtoto mzima. Magoti wazi na miguu peku hushika chini. Na mtoto anayebebwa kutwa na watu watano wanaompenda hana nafasi ya kutambaa, hata kama ana uwezo.

Dede na hatua za kwanza

Kati ya mwezi wa 8 na wa 10 wengi hujivuta wima kwa kushika stuli au kiti. Kisha wanakwama: wamesimama, hawajui kushuka, wanalia. Usimwinue ukamkalisha. Kunja magoti yake taratibu kwa mikono yako, tako lishuke chini akiwa bado ameshikilia. Rudia kila mara mpaka ajue njia ya kurudi. Kuchutama na kuinuka ndiko kunakojenga mapaja ya kutembelea. Baada ya hapo atasogea pembeni akishika samani, kisha atasimama dede kwa nukta mbili tatu bila kushika, kisha hatua.

Hatua za kwanza miguu hutanuka, mikono huwa juu, nyayo hutua zote kwa pamoja. Mikono hushuka baada ya miezi michache. Kisigino kuanza kugusa chini kwanza huja taratibu zaidi. Kuhusu kuanguka, watafiti wa Marekani waliohesabu mwaka 2012 walikuta watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa uhuru hupiga wastani wa hatua 2,368 na kuanguka mara 17 kwa saa. Kwa saa moja tu. Anayemzuia mtoto asianguke hata mara moja anamzuia kutembea.

Ukitaka kumsaidia, acha kumnyanyua kwa mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa. Ukimvuta hivyo uzito wake unaning'inia mikononi mwako na kifua kinatangulia miguu. Mshike kiunoni au kwenye nyonga ukiwa nyuma yake, au mpe kitu kizito kisichopinduka akisukume, kama boksi lililojazwa vitu. Boksi tupu litamkimbia ataanguka kifudifudi.

Kigari cha magurudumu ambacho mtoto huning'inia katikati, wengi hukiita woka, mimi nasema kitupwe. Hakimfundishi kutembea: haoni miguu yake, hasimami kwa uzito wake, hasawazishi mwili, na huzoea kusukuma kwa ncha za vidole. Tena kinampa mwendo ambao mtu mzima hawezi kuuwahi, mpaka kwenye ngazi au kwenye jiko. Kanada ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004.

Viatu ni vya kulinda nyayo nje. Ndani, peku. Ukinunua, soli ikunjike kwa vidole viwili na mbele pabaki nafasi ya sentimita 1 hivi. Viatu vigumu vya "kunyoosha miguu" kwa mtoto asiye na tatizo havina kazi.

Miguu yenyewe itakushangaza. Mtoto anayeanza kutembea huwa na matege, magoti yametengana, na hiyo ni kawaida mpaka karibu miaka 2. Kisha hugeukia upande wa pili, magoti yakagusana, na hali hiyo huwa kali zaidi miaka 3 na 4. Hujinyoosha kufikia miaka 7. Unyayo bapa nao ni kawaida kwa umri huo. Matege yanayozidi baada ya miaka 2, ya mguu mmoja tu, au yanayoambatana na vifundo vya mikono kuvimba na ukuaji kudorora, yanahitaji kipimo. Upungufu wa vitamini D hulainisha mifupa. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtoto chini ya mwaka ni yuniti 400 kwa siku.

Mkono ndio unaosema mapema zaidi

Watu hutazama miguu. Wenye uzoefu hutazama mikono, kwa sababu hutoa habari miezi mingi kabla.

Kufikia mwezi wa 3 ngumi zinatakiwa ziwe zimefunguka muda mwingi. Mwezi wa 4 viganja vinakutana katikati ya kifua naye anavitazama. Karibu na wa 5 ananyoosha mkono na kushika anachokitaka. Wa 6 anahamisha kitu kutoka mkono huu kwenda huu. Mwanzoni hukomba kitu kidogo kwa vidole vyote kuelekea kiganjani. Kisha gumba linaanza kushiriki, kwanza kwa ubavu wa kidole cha shahada, na kati ya mwezi wa 10 na 12 anashika punje kwa ncha mbili, gumba na shahada, viganja havigusi chini. Ukitaka kuona tofauti, weka kipande kidogo laini cha chakula mbele yake na utazame kiganja kinakaa wapi: bado kimeegemea meza, au kimeinuka?

Siku hiyohiyo anza kufagia kwa macho ya mtoto. Kitu chochote kinachopita kwenye tundu lenye upana wa sentimita 3 hivi kinaweza kumkaba.

Kuachia ni kugumu kuliko kushika. Mtoto wa miezi 7 akikupa kitu halafu akakikazia hana uchoyo, hajui kufungua vidole kwa hiari. Kwenye mwezi wa 10 hadi 12 anajifunza, na ndipo anaangusha kijiko mara ishirini ukiokota. Anafanya mazoezi. Mpe boksi na vitu vya kutumbukiza. Baadaye vitofali vya sentimita 2.5 vitakuonyesha alipofika: viwili, kimoja juu ya kingine, karibu na miezi 15, vinne miezi 18, sita miaka 2, tisa miaka 3.

Na sasa jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue. Mtoto chini ya miezi 18 hana mkono wa kulia wala wa kushoto, anatumia wote. Upendeleo wa mkono hujionyesha kati ya miaka 2 na 4. Mtoto wa miezi 8 anayechukua kila kitu kwa mkono mmoja, hata kilichowekwa upande wa pili, akivuka mwili wake kukifuata, hajarithi ushoto wa babu. Huenda mkono ule mwingine ni dhaifu, na mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya mtindio wa ubongo wa upande mmoja. Mpime hivi: mkalishe, weka kitu upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, rudia siku tofauti. Shikilia kwa upole mkono anaoupenda, uone ule wa pili unafanya nini. Unafunguka? Unafika? Au unabaki umekunjwa, gumba ndani ya ngumi?

Baada ya miaka miwili mambo hufunguka kwa kasi, na wengi hawana la kuhangaikia. Miaka 2 anakimbia, anapiga mpira teke, anapanda ngazi akiweka miguu yote miwili kila kidaraja; kabla ya miaka 2 na nusu anaruka kwa miguu miwili. Miaka 3 anapanda kwa kupokezana miguu, anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu, anachora duara. Miaka 4 anashuka ngazi kwa kupokezana, anaruka kwa mguu mmoja, anachora msalaba. Miaka 5 anasimama kwa mguu mmoja kwa nukta 10 hivi na anachora mraba. Kushika penseli kwa vidole vitatu kusilazimishwe kabla ya mabega na viganja kupata nguvu. Kupanda, kuning'inia na kufinyanga udongo ndiyo maandalizi yake.

Usisubiri ukiona haya

Kupoteza alichokuwa anakiweza, umri wowote, ndilo la kwanza. Aliyekaa akaacha kukaa, aliyetembea akaanza kuanguka ovyo: hilo ni la siku hizihizi, si la kliniki ya mwezi ujao. Mengine ni haya:

- Ngumi zimefumbwa muda wote baada ya miezi 4, au shingo haijakaza.
- Hakai peke yake miezi 9 ikiisha.
- Hatembei akifikisha miezi 18.
- Ameregea mno: ukimbeba chini ya kwapa anateleza kati ya mikono yako. Au amekakamaa: miguu inapishana kama mkasi ukimwinua, nepi ni tabu kuvalisha.
- Upande mmoja unafanya kazi kuliko mwingine.
- Paja moja halifunguki kama la pili, mguu mmoja unaonekana mfupi, au anachechemea anapoanza kutembea. Huenda ni nyonga isiyokaa sawa kwenye tundu lake, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa wasichana, waliotanguliza matako tumboni, na wenye historia hiyo kwenye familia. Kumfunga mtoto nguo miguu ikiwa imenyooka na kubanwa huichochea. Miguu iachwe ikunjike na kutanuka.
- Anatembelea ncha za vidole siku zote, hawezi kushusha visigino.
- Mvulana anayeinuka sakafuni kwa kujipandisha mikono juu ya mapaja yake, au ambaye hajatembea kwa miezi 18. Aombewe kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya cha misuli, kwa ajili ya ugonjwa wa misuli wa Duchenne. Ni kipimo kidogo, na mara nyingi husahaulika.

Chanzo hakiko kwenye misuli siku zote. Asiyeona vizuri hanyooshi mkono kwa wakati. Upungufu wa damu humchosha. Tezi ya shingo isiyofanya kazi humlegeza. Uzito pia unasema: kwa kawaida huwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa kufikia mwezi wa 5 hivi na mara tatu akifikisha mwaka, na urefu hutoka kama sentimita 50 hadi 75. Kichwa kipimwe kila ziara, kwani kinachokua haraka mno au kilichosimama ndicho humfanya daktari aangalie ubongo mapema.

Unapokwenda, usitegemee mtoto aonyeshe kila kitu mbele ya mgeni mwenye koti jeupe. Mrekodi kwa simu nyumbani akiwa na nepi tu, dakika mbili: akiwa chali, akilalia tumbo, akikaa, akichukua kitu kulia na kushoto, akiinuka au kutembea akitazamwa kutoka mbele na kutoka nyuma. Andika alizaliwa wiki ya ngapi, kama alilia mara moja, kama alipata manjano makali, degedege au homa ya uti wa mgongo, na mwezi alioanza kila hatua. Ukiambiwa "tusubiri", kubali kama sababu imeelezwa, ila uliza mambo mawili kabla hujainuka kitini: tusubiri mpaka tarehe gani, na tutegemee kuona nini kufikia siku hiyo. Kama majibu hayapo, omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa watoto. Mazoezi yanaweza kuanza hata kabla ugonjwa haujapewa jina.